Karatasi ya Kitanda cha Nne

9 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nimefika salama na mizigo yangu yote, isipokuwa birika limevunjika mpini. Goti lako vipi? Likande kwa maji ya moto kila asubuhi, usifanye kama kawaida yako, kuwaamuru wenzio wajitunze na wewe mwenyewe huna nafasi. Na binti yangu anakula? Mwambie nimeiona picha aliyoificha ndani ya daftari langu, ile aliyonichora nina miguu kama ya korongo. Nimeibandika ukutani.

Nimepewa chumba ghorofa ya tatu, bweni la wanafunzi watu wazima. Kitanda, meza, na dirisha linalotazama ukuta wa jiko. Majirani zangu wote ni walimu wa shule. Siku ya pili tu mwalimu wa hesabu alishagonga mlango, akavua soksi, akanionyesha kidole cha mguu. Nikajua hapa nitakuwa zahanati.

Darasani ndiko kugumu. Ukunga nimeufanya miaka kumi na sita, sita kati ya hiyo nikiwafundisha wanafunzi wa uuguzi, lakini katika kitivo hiki cha elimu najiona kama mgonjwa aliyelazwa wodi isiyo yake. Wanazungumza nadharia na mikabala, mimi natafuta mlango. Profesa anayenisimamia alinirudishia kurasa zangu kumi za kwanza mbele ya wenzangu. Akasoma kwa sauti: "'Dawa ilitolewa. Mgonjwa alihamishwa. Taarifa haikupelekwa.' Mama, unaandika kama mtu anayekabidhi zamu. Nani alitoa? Nani hakupeleka? Kwenye maandishi yako hakuna mtu." Darasa likacheka, na mimi nikacheka nao.

Uliniuliza nachunguza nini hasa. Ni mambo ya kawaida tu, namna wanafunzi wetu wanavyojifunza kazi wodini. Vifaa, ratiba, nafasi ya kufanya mazoezi. Tasnifu yenyewe bado haina umbo.

Nikiacha kuandika hapa si kwamba maneno yamekwisha, ila kengele ya chakula imelia na foleni ya hapa haina huruma.

Mwanao.

&nbsp;

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti liko pale pale, halijaenda popote, na mimi pia. Mtoto anakula kupita kiasi chako ulipokuwa umri wake. Miaka kumi na mitatu na ananipita urefu. Jana amenijibu, nikamwangalia tu, akaenda kuosha vyombo bila kuambiwa. Bado ninalo jicho.

Mtoto ananiambia unataka nipokee simu ili tuongee. Sitaki. Maneno ya simu hupeperuka. Nilikufundisha wewe na wenzio: kisichoandikwa hakikufanyika. Kwa hiyo andika.

Huyo Profesa wako amewahi kushika mgonjwa? Wodi ya wazazi nimeiongoza miaka ishirini na miwili, na ripoti zangu hakuna aliyewahi kuzicheka. Sentensi fupi ndizo zinazookoa watu. Lakini wewe ndiye uliyetaka shule, basi vumilia. Aliyeomba mvua asilalamikie matope.

Kuhusu vifaa, waandikie ukweli. Tulikuwa na mizani moja ya watoto, na mshale wake nilikuwa nausukuma kwa kucha. Hilo waambie.

Shangazi yako, na mikono bado haitetemeki.

&nbsp;

30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Kamati ya maadili ilinishikilia wiki saba. Walitaka kujua washiriki wangu watalindwaje, wakilia nitafanya nini, wakitaka kujitoa watajitoaje. Nikawaambia mimi ni mkunga, watu wanalia mbele yangu kila siku ya kazi. Hawakucheka. Nikaandika fomu upya mara tatu.

Binti yangu ameandika kwamba amekuwa wa pili darasani. Mpe chochote anachokitaka kilicho ndani ya uwezo wa jiko.

Sasa nimeanza mahojiano. Nawatafuta waliosoma chuo chetu cha uuguzi zamani, nakaa nao, nawasha kinasa sauti, nawauliza walijifunzaje. Nimeshaongea na sita. Nilidhani watasimulia vifaa. Hakuna aliyesimulia vifaa. Mmoja, mwanamke mzima mwenye watoto wanne, alinionyesha alivyokuwa akisimama ukutani na mikono nyuma. Nikienda chooni baada ya mahojiano nakuta mikono yangu mwenyewe iko nyuma.

Nina swali dogo. Unamkumbuka yule mwanafunzi mwembamba tuliyemwita Kijiti? Hukuwahi kusikia alikoishia?

Ukipata usingizi mzuri niombee na mimi.

Mwanao.

&nbsp;

2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imekaa juu ya kabati miezi miwili. Nitasema ni goti.

Mtoto mzima. Paa la jikoni linavuja upande wa bomba, fundi anakuja kesho tangu mwezi uliopita.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kliniki kupima presha. Muuguzi aliyenifunga mkanda mkononi nilimfundisha mimi. Akaniambia huku akitabasamu, "Sista, mwanao alinihoji. Masaa mawili, na yote yalikuwa juu yako." Presha ilipanda hapo hapo, akapima tena, akaandika ya kwanza.

Kwa hiyo vifaa ni mimi. Mizani ni mimi.

Mwanafunzi unayemuulizia sijui aliko, na sina haja ya kujua. Wamepita mikononi mwangu zaidi ya mia tatu. Hoji hao wengine. Huyo mwache alipo. Nakuambia kama mtu aliyekulea tangu una miaka tisa, si kama Sista.

Shangazi yako.

&nbsp;

19 Julai

Shangazi,

Barua hii isome peke yako. Mtoto mtume kwa jirani.

Shikamoo. Sijambo kwa mwili.

Kijiti nimempata. Ana mashine ya kusaga nafaka katika mji mdogo, mwendo wa saa nne kutoka hapa. Nilimkuta amejifunga kitambaa kichwani, nyusi nyeupe kwa unga. Si kijiti tena, amejaa mabega kama mwanamke anayebeba magunia mwenyewe. Alinitambua kabla sijatoa salamu. Hakuzima mashine. Aliwasagia wateja watatu nikiwa nimesimama mlangoni, kisha akaizima, akaigeuza ndoo, akanisogezea nikalie.

Nilianza kumsomea fomu ya ridhaa. Akaichukua, akasaini bila kuitazama. "Washa hicho kidude chako," akasema. "Nimekingoja miaka kumi na minne."

Nakuandikia alivyosema. Alikuwa mwaka wa pili. Mchana ule alipewa kumwangalia mama wa kitanda cha nne, aliyejifungua saa sita. Saa nane na dakika kumi alifunua shuka akakuta pedi imelowa, akaweka nyingine, ikalowa akiwa bado ameishika. Alikimbia kumwambia mkunga wa zamu. Mkunga wa zamu akamwambia asubiri, kwa sababu Sista alikuwa ofisini anakabidhi zamu, na mlango wa Sista ukifungwa haugongwi. Wiki ile ile kuna mtu alikuwa ameugonga, akadhalilishwa mbele ya wodi nzima mpaka wagonjwa wakageukia ukuta. Kijiti akarudi kitandani. Akaandika kwenye karatasi ya uangalizi: saa, kiasi cha damu, na maneno "nimemwarifu mkunga." Mlango ulifunguliwa baada ya dakika ishirini na tano. Unajua ulivyomkuta, amekwisha kukata roho.

Karatasi ile haikuonekana tena. Ripoti yenye sahihi yako ilisema mwanafunzi alimtelekeza mgonjwa na hakutoa taarifa kwa yeyote. Wiki iliyofuata alifukuzwa chuo. Baba yake alikuja kumchukua, wakatoka getini amebeba godoro kichwani saa ya mapumziko, wenzake wote wakiwa nje.

Shangazi, mimi naandika tasnifu kuhusu hofu. Naandika kwamba mwanafunzi anayeogopa hujifunza jambo moja tu, kunyamaza. Nina watu kumi na mmoja, na tisa wamekutaja bila kuulizwa. Ulitufundisha kisichoandikwa hakikufanyika. Yule aliandika. Karatasi ilikwenda wapi?

Nisamehe nisipomalizia kwa maneno matamu.

Mwanao.

&nbsp;

4 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Miwani yangu ilikaliwa, iko kwa fundi. Barua yako nimesomewa na mtoto.

Alipofika pale ulipoandika nisome peke yangu, aliinua macho akaniangalia. Nikamwambia, "Endelea." Akaendelea mpaka mwisho. Anasoma vizuri, hakwami. Alipomaliza aliikunja, akauliza, "Bibi, mkunga wa zamu alikuwa nani?"

Nikamwambia, "Mama yako."

Usiniulize kwa nini nilimjibu. Mimi mzee, na humu ndani sitaki kuwa mbaya peke yangu.

Nyani haoni kundule. Kumbe msomi naye haoni lake, ila la shangazi yake amelipima kwa rula. "Mkunga wa zamu"! Umemwandika kama mtu uliyesikia habari zake mtaani. Profesa wako alikuuliza nani hakupeleka taarifa, nawe ukacheka na wenzio.

Sasa sikiliza. Waliniogopa, ni kweli, na nilitaka waniogope. Katika miaka ishirini na miwili nimefiwa na akina mama tisa. Aliyepokea wodi baada yangu, anayewaita wanafunzi "wapenzi wangu," amefiwa na tisa kwa miaka minne. Hilo nalo liandike, tuone hofu na upendo vikiwekwa kwenye mizani moja.

Lakini karatasi. Siku ile nilikuita stoo ya mashuka, nikafunga mlango, nikakuuliza, "Huyu mtoto alikwambia?" Hukujibu. Uliangalia chini, ukashika tumbo. Mimba ya miezi mitatu, na kaka yangu, baba yako, hajamaliza mwaka kaburini. Nilitoka humo nikaichomoa karatasi kwenye ubao wa kitanda, nikaipeleka mwenyewe kwenye tanuri la taka nyuma ya jengo. Nilisimama mpaka ikaisha. Kisha nikakaa nikaandika ripoti, kwa wino mweusi na mwandiko mzuri.

Hukuniomba. Hilo ni kweli na sitalikana. Lakini hukuniuliza pia. Miaka kumi na minne tumekula meza moja, hukuwahi kuuliza karatasi iko wapi, mpaka ulipopewa kinasa sauti na chuo kikuu.

Aliyekuwa tumboni siku ile ndiye aliyenisomea barua yako. Tangu juzi haongei na mimi. Na wewe hajakuulizia.

Paa limezibwa.

Shangazi yako.

&nbsp;

20 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Nimemwandikia binti yangu barua tano, sijapata jibu hata moja. Nikikuuliza kama anazipokea nitakuwa nakulazimisha kusema, basi siulizi. Goti lako na lisikusumbue.

Sikukuandikia mwisho wa mazungumzo na Kijiti. Nilipokwisha kuzima kinasa sauti aliniambia, "Swali langu ni moja. Umekuja kuniuliza, au umekuja kuniambia?" Nikamjibu, "Kukuuliza." Akacheka, akainuka, akawasha mashine yake. Nilitoka na unga kwenye viatu.

Ilikuwa mimi. Yeye alisema, "Dada, damu haikati," na mimi nikasema, "Subiri, Sista atakuchana." Siku tatu kabla ndimi niliyegonga mlango ule, ndimi uliyenisimamisha mbele ya wagonjwa. Nilikuwa mkunga kamili, mwenye leseni. Nilijua pedi mbili kwa dakika chache ni nini. Ningeweza kwenda mwenyewe kitandani, hatua kumi na tano. Nilipanga mafaili.

Sura ile niliiandika kwa wiki tatu. Profesa aliisoma akanijia mpaka bwenini, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu. Akasema ndiyo bora kuliko zote, kwamba hatimaye maandishi yangu yana watu ndani. Hakujua ni akina nani. Niliandika "mkunga wa zamu" hata humo.

Mwezi wa tisa Kijiti akanipigia. Akasema, "Maneno yangu nirudishie." Nikamwuliza kwa nini. "Mimi nilisaini. Wewe umesaini wapi?" Fomu niliyoiandika mara tatu inampa haki ya kujitoa wakati wowote, bila kueleza. Nilimpelekea habari Profesa. Akakuna kidevu, akasema, "Badilisha kazi yake na umri wake. Mfanye mshonaji. Nani atajua?" Nikamwambia nitajua mimi. Akasema hilo halijawahi kumzuia mtu kuhitimu.

Nimeitoa sura. Kurasa arobaini na mbili. Kinasa sauti nimekifuta mbele ya katibu wa kamati.

Na nimeandikia Baraza la Wauguzi na Wakunga. Nimeandika nilichoambiwa, saa niliyoambiwa, na jina langu. Kuhusu karatasi nimesema ilipotea, sijasema ilivyopotea, kwa sababu hilo si langu kulisema. Wakikuita utaamua mwenyewe. Sikuombi.

Mwanao.

&nbsp;

6 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako mtoto anazo zote. Hazijafunguliwa. Hazijachanwa pia.

Baraza hawakuniita. Nimewaandikia mwenyewe. Ukurasa mmoja, sentensi fupi, na kila sentensi ina mtu. Usifikiri nimefanya kwa ajili yako, wala kwa ajili ya tasnifu yako. Nilichokifanya kwa ajili yako nilikwisha kukifanya, na umeona matunda yake.

Mvua zimeanza. Funga dirisha lako.

Shangazi.

&nbsp;

15 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Mwaka umegeuka na hatujasalimiana. Nimesikia kwa watu kwamba binti yangu amepandishwa darasa. Nilitamani nisikie kwenu.

Tasnifu imepita, kwa alama za chini kabisa ambazo zinaitwa kupita. Mtahini wa nje ameandika mstari nilioukariri: "Mwandishi anaonekana kulizunguka jambo ambalo halitaji." Profesa alinipa mkono kama anayempa pole mfiwa. Sherehe ya kuvaa joho ni mwezi ujao, sitakwenda.

Baraza walikaa wiki iliyopita. Watu watano, meza ndefu, jagi la maji ambalo hakuna aliyelimimina. Wawili kati yao nilisoma nao. Mwenyekiti akauliza, "Miaka yote hii ulikuwa unafanya nini?" Nikasema nilikuwa nafundisha. Nilisikia nilivyosema, na wao walisikia.

Nimefungiwa leseni miaka miwili. Kazi ya ualimu wa chuo nimeandikiwa barua ya kuondolewa. Wewe, kwa kuwa umestaafu, utapata onyo la maandishi, na wamesema wamezingatia utumishi wako wa muda mrefu. Mmoja alitaka kukusifu, wenzake wakamkatiza.

Na Kijiti. Wamemwandikia kwamba rekodi yake imesafishwa, na kwamba yuko huru kuomba tena nafasi ya masomo ya uuguzi kama mwombaji mwingine yeyote. Niliuliza mwisho wa umri wa mwombaji ni miaka mingapi. Thelathini na tano. Yeye ana thelathini na sita. Nikawauliza kama wanajua hilo. Mwenyekiti akasema kanuni ni kanuni, akafunga faili.

Nimerudishiwa amana ya ufunguo wa chumba, natakiwa kuhama mwisho wa mwezi ujao. Sijui kama nina nyumba ya kurudi. Hilo ndilo swali langu, nimelificha mwishoni kama kawaida yangu.

Mwanao.

&nbsp;

10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nyumba ni ya baba yako kabla haijawa yangu. Rudi. Atakayekufungulia mlango sijui ni nani, lakini utafunguliwa.

Tumekwenda kwa Kijiti. Si mimi niliyetaka. Jumamosi mtoto aliamka, akavaa viatu, akasimama mlangoni, akasema, "Bibi, barua za Mama nimezisoma zote. Twende." Ndiyo maneno yake marefu kuliko yote tangu Agosti. Nikachukua fimbo.

Tulimkuta kwenye mashine yake, watu wengi wamekaa kwenye magunia wanangoja. Aliniona. Nilidhani atanifukuza, na kwa kweli ningeshukuru. Akamwambia msichana anayemsaidia aendelee kusaga, akatutoa nje chini ya ubati, akamwangalia mtoto muda mrefu. Akasema, "Huyu ndiye aliyekuwa tumboni." Alikuwa anajua. Wodi nzima ilijua una mimba, mwanangu, ni sisi tuliodhani ni siri.

Hujawahi kunisikia naomba msamaha, kwa sababu sijawahi. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima. Nikasema, "Karatasi yako niliichoma mimi." Yale mengine yalikataa kutoka. Nilisimama pale na fimbo yangu, nikatafuta pa kuweka mikono.

Akasema, "Najua, Sista. Niliona moshi. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za maabara nalia, nikakuona umesimama pale kwenye tanuri. Sista hapelekagi taka mwenyewe."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akacheka kama ulivyoandika, kicheko cha chini. "Ningemwambia nani? Mlango ulikuwa wako."

Nikamtolea barua ya Baraza, ile nakala niliyotumiwa. Akasema anayo, ameiweka chini ya mguu wa mizani, upande mmoja ulikuwa unainama. Akasema uuguzi haumdai yeye tena, wala yeye haudai. Ameshalia, amemaliza, ana mashine mbili na watoto watatu. Nilianza kupumua. Nilidhani hapo ndipo mwisho, kwamba mtu akinyimwa kazi yake na akaipata nyingine, basi deni limepungua.

Kisha akauliza, "Mtoto wa yule mama mmemwandika wapi?"

Sikuelewa. Nikamwuliza mama gani.

"Mama wa kitanda cha nne, Sista. Alizaa mtoto wa kike saa sita mchana. Mwanao ameandika kitabu kizima. Wewe umeandika kwa Baraza, Baraza limeniandikia mimi, yeye amefungiwa, mimi nimesafishwa. Baraza walinitumia nakala, nimezisoma karatasi zenu zote. Yule binti ana miaka kumi na mitano sasa. Analelewa na bibi yake, nyuma ya stendi ya zamani. Mpaka leo wameambiwa mama yake aliuliwa na mwanafunzi mzembe. Mimi nilikwenda mara moja, miaka mitano iliyopita, nikawaeleza. Bibi mtu akanifungia mlango, alidhani nimekuja kujitetea. Anataka asikie kwa mwenye wodi."

Mtoto wetu alikuwa kando yangu. Aliuliza, "Anaitwa nani?" Kijiti akamtajia jina la yule binti. Kisha akanigeukia akasema, "Na mama mtu je, Sista? Jina lake?"

Nakumbuka kitanda. Nakumbuka shuka lilikuwa na kiraka cha bluu, nakumbuka kiasi cha damu kwa kipimo, nakumbuka saa niliyotangaza. Jina sinalo. Nilimtazama mtoto, kama ambaye angejua. Kijiti akangoja, kisha akasema ana wateja, akaingia ndani.

Njiani kurudi mtoto alinishika mkono kwenye madaraja.

Wewe ulikuwa mkunga wake, ulimzalisha mwenyewe. Kama unalo jina niandikie haraka, kabla hujaja.

Shangazi yako.

&nbsp;

18 Machi

Shangazi,

Shikamoo.

Sinalo.

Nimepekua tasnifu yote, na zile kurasa arobaini na mbili, na barua yangu ya Baraza. Popote alipotajwa nimemwita kitanda cha nne. Nimejaribu kufumba macho nione mlango wa wodi na ile orodha ya majina ukutani, naona mwandiko wako, majina siyaoni. Alinishika kifundo cha mkono wakati anasukuma. Aliniambia nina mikono ya baridi. Hilo ninalo, na jina sina.

Naja Jumamosi. Mwambie binti yangu asinipokee kama hataki. Nitaweka mizigo tu, kisha nitakwenda mashineni kumwuliza Kijiti jina, na kutoka huko nitakwenda nyuma ya stendi ya zamani. Wewe baki na goti lako. Ulinitangulia mara moja kumwambia binti yangu yaliyokuwa yangu, imetosha.

Bibi wa yule msichana akinifungia mlango, nitagonga.

Mwanao.